Ulimi Kati ya Mataifa Mawili: Maisha ya Conrad Weiser (1696–1760)

Usharika utimizapo miaka mia moja, wajibu wake wa kwanza ni kumshukuru Mungu, na wa pili ni kuwakumbuka waliotangulia. Kumbukumbu hizo kwa kawaida huanzia karibu: kwa mwinjilisti wa kwanza, kwa wazee waliotoa ardhi ya kujengea, kwa akina mama waliobeba mawe na maji ya ujenzi. Ndivyo inavyopasa. Hata hivyo usharika ni tawi la mti mkubwa, na mizizi ya mti huo imepita katika nchi nyingi. Mmoja wa mizizi hiyo ulipandwa mpakani mwa Pennsylvania, Amerika ya Kaskazini, katika karne ya 18, na walowezi maskini wa Kijerumani walioishi kati ya msitu na vita.

Mzizi huo hauko mbali na Walutheri wa Tanzania kama inavyoweza kudhaniwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani walipokuwa wameondolewa Tanganyika, Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walikuja katika miaka ya 1920 kusaidia kazi iliyoachwa Kaskazini, kisha wakaanzisha kazi yao wenyewe katika eneo la Iramba na Singida. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, wao tena ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kuzitunza sharika zilizobaki yatima. Mwaka 1962 Augustana iliungana na kanisa lililorithi ile sinodi ya kwanza ya Kilutheri ya Amerika, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1748 na Mchungaji Heinrich Melchior Mühlenberg. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Juni 1963, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilizaliwa kwa muungano wa makanisa saba.

Mkwewe Mühlenberg, baba wa mkewe, aliitwa Conrad Weiser. Hakuwa mchungaji. Alikuwa mkulima, mtengenezaji wa ngozi, mkalimani, hakimu, na mwishoni mwa maisha yake ofisa wa jeshi. Maisha yake yanaonyesha jinsi mtu mmoja mwenye kuaminiwa na pande mbili anavyoweza kuwa daraja la amani; tena yanaonyesha jinsi daraja hilo hilo linavyoweza kupitishiwa dhuluma.

Kutoka Württemberg hadi Mto Hudson

Johann Conrad Weiser alizaliwa tarehe 2 Novemba 1696 katika kijiji cha Affstätt, Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, aliyeitwa kwa jina hilo hilo, alikuwa amewahi kuwa askari wa farasi, naye alikuwa mwokaji wa mikate. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya wafalme, tena baridi ya mwaka 1709 iliua mizabibu na miti ya matunda. Mwaka huo huo mama yake Conrad alifariki akiwa mja mzito. Baba akawachukua wengi wa watoto wake, akajiunga na maelfu ya Wajerumani waliokuwa wakiteremka Mto Rhine kwenda London, wakisikia kwamba Malkia Anne wa Uingereza atawapa ardhi ng'ambo ya bahari.

Kiasi cha watu 3,000 kati yao walisafirishwa hadi New York, wakafika mwaka 1710. Wengi walikufa njiani kwa homa na njaa. Ardhi waliyoahidiwa haikutolewa kwanza. Walipelekwa kando ya Mto Hudson kutengeneza lami ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita za Waingereza, wakilipa kwa jasho deni la nauli yao. Wadogo wawili wa Conrad waligawiwa kwa watu wengine ili wawatumikie. Mpango wa lami ulishindwa, kwa kuwa misonobari ya mahali pale haikufaa kwa kazi hiyo, na mwaka 1712 serikali ilikoma kuwapa chakula. Wakimbizi hao walijikuta ugenini, bila ardhi, bila posho, na majira ya baridi yakiwa mlangoni.

Kijana miongoni mwa Wamohawk

Wazee wao waligeukia bonde la Schoharie, nchi ya Wamohawk. Wamohawk walikuwa moja ya mataifa ya wenyeji yaliyounda muungano ulioitwa Iroquois, au Mataifa Sita baada ya taifa la sita kujiunga katika miaka ya 1720. Wajerumani hawakuijua lugha yao. Basi mwishoni mwa mwaka 1712 Mzee Weiser akamtoa mwanawe wa miaka 16 akaishi na Wamohawk ili ajifunze.

Kijana huyo alikaa huko kwa muda wa miezi minane hivi. Aliteseka kwa baridi, maana nguo zake zilikuwa chache, na kwa njaa, ambayo wenyeji wake nao waliiona. Mara nyingine, watu walipolewa pombe iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kizungu, ilimbidi ajifiche kuokoa maisha yake. Lakini alipotoka alikuwa na kitu ambacho Wazungu wachache sana walikuwa nacho. Alijua maneno ya Kimohawk, na zaidi ya maneno alijua adabu yake: jinsi ya kunyamaza mzee anapozungumza, jinsi ya kupokea na kutoa mkanda wa ushanga unaothibitisha neno, na jinsi ya kutojibu siku hiyo hiyo jambo lililo zito. Msomaji wa Kiafrika aliyekaa katika baraza la wazee ataelewa upesi kwa nini hilo lilikuwa na thamani kuliko kamusi.

Schoharie haikuwa mwisho wa taabu. Wajerumani waliipata ardhi kwa idhini ya Wamohawk, lakini matajiri wa Albany walikuja na hati za serikali wakidai kwamba mashamba hayo ni yao. Mwaka 1718 Mzee Weiser alisafiri hadi London kuwatetea wenzake. Njiani aliporwa na maharamia, na alipofika alifungwa kwa sababu ya deni. Conrad kijana alijifunza basi tangu mapema maana ya kunyang'anywa shamba ulilolilima, kwa karatasi ambayo hukuiandika.

Tulpehocken, shamba la mpakani

Mwaka 1720 Conrad alimwoa Anna Eva Feck. Mungu aliwapa watoto 14, ingawa wengi hawakufikia utu uzima. Mwaka 1723 baadhi ya familia za Schoharie zilitengeneza mitumbwi na mashua za magogo, zikateremka Mto Susquehanna hadi Pennsylvania, zikalowea katika bonde la Tulpehocken. Mwaka 1729 Weiser aliwafuata pamoja na mke na watoto wake. Alifyeka msitu, akajenga nyumba, akapanda ngano, akaweka kiwanda kidogo cha kutengeneza ngozi. Alistawi.

Historia ya kweli haiwezi kuishia kwenye sifa ya jasho lao. Bonde la Tulpehocken lilikuwa la Wadelaware, ambao kwa lugha yao hujiita Lenape. Wajerumani waliingia kabla ardhi hiyo haijanunuliwa, na mwaka 1728 chifu Sassoonan alilalamika waziwazi mbele ya serikali ya Pennsylvania kwamba watu wamelowea katika nchi ambayo watu wake hawajailipwa. Malipo yalifanyika mwaka 1732, miaka tisa baada ya shoka la kwanza kuanguka. Waliokuwa wakimbizi kwa kunyimwa ardhi walikuwa wamekalia ardhi ya wengine. Wengi wao hawakuwa na nia mbaya. Walitafuta mahali pa kulea watoto na kumwabudu Mungu. Lakini nia njema haikuifanya ardhi kuwa tupu.

Mkalimani wa Pennsylvania

Katika misitu ya mpakani Weiser alifahamiana na Shikellamy, mzee wa kabila la Oneida aliyewekwa na Mataifa Sita kuwa msimamizi wao katika Mto Susquehanna. Mwaka 1731 Shikellamy alimleta Weiser Philadelphia awe mkalimani wake mbele ya gavana. Tangu siku hiyo, kwa miaka karibu 30, hapakuwa na baraza kubwa kati ya Pennsylvania na Mataifa Sita ambalo Weiser hakuhusika nalo. Wenyeji walimpa jina la heshima, Tarachiawagon, yaani mwenye kuzishika mbingu.

Kazi hiyo haikuwa ya kukaa kitini. Mwishoni mwa Februari 1737 serikali ilimtuma Onondaga, makao makuu ya Mataifa Sita, ili kuzuia vita kati yao na makabila ya kusini. Theluji ilikuwa nzito, mito imefurika, chakula kimekwisha. Weiser mwenyewe aliandika baadaye kwamba siku moja nguvu zilimwishia, akatoka njiani akaketi chini ya mti ili afe. Mwenyeji mmoja aliyesafiri naye akarudi kumtafuta. Akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwatia moyo wenzake, akamweleza kuwa siku za taabu ni bora kuliko siku za raha, kwa maana katika taabu mwanadamu hutakaswa dhambi na Mungu humhurumia. Weiser aliona haya, akainuka, akaendelea. Mkristo alihubiriwa mlimani na mtu ambaye walowezi wengi wangemwita mpagani, naye hakusita kuliandika jambo hilo ili wengine walisome.

Urafiki wake na Shikellamy ulidumu hadi kifo. Mwaka 1744 Weiser alikwenda na mafundi hadi Shamokin kumjengea nyumba ya mbao. Mwaka huo huo alikuwa mkalimani katika Mkataba wa Lancaster, ambapo wajumbe wa Pennsylvania, Maryland na Virginia waliketi na Mataifa Sita. Ndipo Canasatego, msemaji wa Onondaga, alipowashauri Wazungu waungane kama mataifa yake yalivyoungana. Benjamin Franklin alizichapisha kumbukumbu za baraza hilo, na hivyo shauri la mzee wa msituni, lililopitia ulimi wa mkulima Mlutheri, likasomwa na watu ambao baadaye wangeijenga Marekani.

Neno lililotumika vibaya

Katika kitabu cha kumbukumbu za kanisa haifai kumpamba marehemu hadi asitambulike. Mwezi Oktoba 1736 viongozi wa Mataifa Sita waliuza Philadelphia haki zao juu ya ardhi ya Susquehanna. Walipokuwa wamekwisha kuagana na kuanza safari ya kurudi kwao, James Logan, kiongozi mkubwa wa serikali, alimtaka Weiser apate kwao hati nyingine. Hati hiyo ilitiwa alama Tulpehocken na wachache waliokuwa bado njiani. Ndani yake Mataifa Sita yaliachia madai juu ya nchi iliyofika hadi Mto Delaware. Lakini nchi hiyo haikuwa makao yao. Ilikuwa ya Wadelaware, na Wadelaware hawakuwapo.

Mwaka uliofuata, 1737, ukoo wa Penn, wenye kuimiliki Pennsylvania kwa hati ya mfalme, ulitoa karatasi ya zamani iliyodai kwamba wazee wa Wadelaware waliwahi kuuza ardhi kwa kipimo cha mwendo wa mtu wa siku moja na nusu. Wadelaware walidhani ni mwendo wa kawaida, wa mtu apumzikaye na kula. Akina Penn walitayarisha njia msituni na kuwaajiri watu watatu wenye mbio. Mwezi Septemba walikwenda mbio, na mmoja wao alifika mbali kupita matazamio yote ya wenyeji. Weiser hakuwamo katika mbio hizo. Lakini mwaka 1742 Wadelaware walipoendelea kulalamika, Canasatego aliwakemea mbele ya gavana na kuwaamuru waihame nchi yao; na aliyeyageuza maneno hayo kuwa Kiingereza alikuwa Weiser.

Weiser aliamini kwamba amani ya Pennsylvania ilitegemea urafiki na Mataifa Sita wenye nguvu, na kwa upande huo hakukosea. Alichokosea ni kufikiri kwamba amani ya wakubwa yaweza kusimama juu ya mgongo wa wadogo. Watu wa Afrika Mashariki wanaujua msiba wa namna hii. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua, na kwa karatasi hizo nchi nzima ikadaiwa. Mahali popote mkalimani anaposimama kati ya mwenye kalamu na mwenye ardhi, ulimi wake unapimwa mbele za Mungu. Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, ameonya jinsi kiungo hicho kidogo kinavyoweza kuuwasha msitu mkubwa. Kwa Pennsylvania onyo hilo lilitimia kwa maana yake halisi.

Kupotea na kurudi

Katika miaka hiyo hiyo Weiser alitikisika pia katika imani. Walutheri wa Tulpehocken waligawanyika vibaya juu ya nani awe mchungaji wao, na sharika za mpakani zilikaa muda mrefu bila mlezi wa kudumu. Mwaka 1735 Weiser, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa usharika, alivutwa na Conrad Beissel, mwanzilishi wa jumuiya ya kitawa ya Ephrata iliyoitunza Sabato siku ya Jumamosi. Alibatizwa tena, akafuga ndevu, akapewa jina la Enoch. Yeye na wenzake walivichoma moto vitabu vyao vya zamani vya ibada, Katekisimu ikiwa miongoni mwake. Mkewe alikaa naye huko kwa muda mfupi, kisha akarudi shambani kwa watoto.

Kadiri miaka ilivyopita Weiser alimwona Beissel akijitwalia mamlaka juu ya dhamiri za watu, na mwaka 1743 aliandika kujitenga rasmi na Ephrata. Mwezi Novemba 1742 Mühlenberg alikuwa amefika Philadelphia, ametumwa kutoka Halle kuwakusanya Walutheri waliotawanyika. Tarehe 22 Aprili 1745 mchungaji huyo alimwoa Anna Maria, binti wa Weiser, na nyumba ya Tulpehocken ikawa moja ya nguzo za kanisa lililokuwa likipandwa. Aliyewahi kuichoma Katekisimu akawa babu wa wachungaji: wajukuu wake Peter, Frederick na Henry Mühlenberg wote waliwekewa mikono. Peter baadaye akawa jenerali katika vita vya uhuru wa Marekani, na Frederick akawa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi mwaka 1789.

Funzo hapa ni la wazi kwa wazee wa kanisa wa kila kizazi. Weiser hakuondoka kwa kumkana Kristo. Aliondoka kwa kuchoshwa na ugomvi, akatafuta mahali penye bidii. Kanisa linalogombania uongozi huwafukuza watu wake walio hai kiroho, kisha hushangaa wanapokwenda kwingine.

Mzee anavaa silaha

Mwaka 1748 mji wa Reading ulipimwa, na Weiser alikuwa miongoni mwa waliosimamia kuanzishwa kwake. Wilaya ya Berks ilipoundwa mwaka 1752 akawa hakimu wake mkuu. Angeweza kumaliza siku zake kwa utulivu. Lakini mwaka huo wa 1748 Shikellamy alifariki, na daraja likapoteza nguzo yake ya ng'ambo. Mwaka 1754, katika mkutano wa Albany, Weiser alisaidia kupatikana kwa hati nyingine ambayo kwayo Mataifa Sita yaliuzia akina Penn eneo kubwa mno la magharibi, wanamokaa Wadelaware na Washawnee waliokwisha kufukuzwa mashariki. Wafaransa, waliokuwa wakishindana na Waingereza, waliwaonyesha hasira yao pa kwenda.

Julai 1755 jeshi la Jenerali Braddock lilivunjwa karibu na Mto Monongahela. Tarehe 16 Oktoba wapiganaji wa Kidelaware walishambulia makazi ya Penn's Creek, wakaua na kuteka. Habari zilipofika Tulpehocken, Weiser, akikaribia miaka 59, aliwatuma wanawe Philip na Frederick kuwaita majirani. Wakulima wapatao 200 walikusanyika, wengine na bunduki, wengine na mashoka na uma za shambani. Kabla hawajaondoka, Mchungaji Kurtz wa Kilutheri, aliyekaa kiasi cha maili moja kutoka pale, alikuja akawaonya na kuomba pamoja nao. Wakamchagua Weiser kuwa mkuu wao.

Gavana alimpa cheo cha Kanali, na mwaka 1756 akawa Luteni Kanali mwenye kuongoza Kikosi cha Kwanza cha Jeshi la Pennsylvania, kilicholinda mstari wa ngome ndogo kando ya Milima ya Blue, kati ya Mto Susquehanna na Mto Delaware. Kazi yake haikuwa na utukufu wa nyimbo za vita. Ilikuwa kazi ya kuhesabu baruti, kutafuta blanketi, kuwazika watu waliouawa mashambani mwao, na kuwasihi wakulima wasiyakimbie mavuno.

Lililomuumiza zaidi halikutoka kwa adui. Novemba 1755 Tulpehocken yenyewe iliposhambuliwa, umati wa walowezi wenzake ulimzunguka kwa ghadhabu. Walitaka serikali ilipe fedha kwa kila kichwa cha mwenyeji, na walikuwa tayari kuwapiga risasi hata wenyeji marafiki waliokuwa chini ya ulinzi wake. Wakamwita msaliti wa nchi, mtu wa upande wa adui, ambaye bila shaka alizijua njama za mauaji mapema. Mtu aliyetumia miaka 24 kuwasemea alitiliwa shaka kwa sababu tu alijua lugha ya wale waliochukiwa. Vita havina macho, na hasira ya kundi haina kumbukumbu. Weiser aliwapitisha salama wageni wake, akarudi kazini.

Easton

Afya yake ikavunjika, akaacha uongozi wa kikosi. Lakini alikuwa na kazi moja zaidi. Mji wa Easton, uliojengwa katika ardhi ile ile iliyochukuliwa kwa mbio za mwaka 1737, ulikuwa mahali pa mabaraza ya amani. Huko mwaka 1756 Teedyuscung, kiongozi wa Wadelaware, aliinuka akasema mbele ya gavana kwamba ardhi waliyosimama juu yake iliibwa kwa hila. Kilichokuwa kimenyamazishwa mwaka 1742 kilisemwa sasa, na Weiser alikuwapo.

Oktoba 1758 wajumbe wa mataifa 13 ya wenyeji, zaidi ya watu 500, walikusanyika tena Easton. Dhuluma ya mwaka 1737 haikurekebishwa, na hilo lazima lisemwe. Lakini jambo moja lilitendeka ambalo ni nadra katika historia ya walowezi popote duniani. Akina Penn walikubali kuirudisha ardhi ya magharibi ya milima ya Allegheny waliyoipata kwa hati ya Albany. Waliotia saini hati ya kuirudisha, kwa niaba ya akina Penn, walikuwa Richard Peters na Conrad Weiser. Mkono uliosaidia kuichukua nchi mwaka 1754 uliandika kuirejesha mwaka 1758.

Matunda yake yalionekana upesi. Wenyeji wa Ohio walijitenga na Wafaransa, na tarehe 25 Novemba 1758 Waingereza waliingia Fort Duquesne iliyoachwa ikiungua. Mahali ambapo jeshi la Braddock halikufika kwa mizinga, njia ilifunguliwa kwa neno lililotimizwa. Ahadi ni deni. Na deni likilipwa, hata kwa sehemu, huokoa maisha ya watu.

Kufariki kwake

Conrad Weiser alifariki katika shamba lake, karibu na mahali paitwapo sasa Womelsdorf, tarehe 13 Julai 1760, akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa hapo hapo, na shamba hilo limehifadhiwa kuwa mahali pa kumbukumbu. Mwaka 1761, katika baraza lingine la Easton, msemaji wa Mataifa Sita aliombolezea kifo chake mbele ya Wazungu. Alieleza kwamba pande zote mbili zimebaki gizani, kwa kuwa tangu mzee huyo aondoke hawaelewani tena vema kama zamani.

Maneno hayo yalikuwa kweli. Mwaka 1763 vita vilirudi, na Desemba ya mwaka huo kundi la walowezi wa mpakani waliojiita Wakristo liliwaua watu 20 wa Conestoga, wanawake na watoto wakiwemo, wenyeji waliokaa kwa amani na hawakumshambulia mtu. Hakubaki mpakani mtu wa kusimama katikati mwenye kusikilizwa na pande zote.

Walutheri wanamkumbuka Weiser kama mwanadamu aliye mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, kama Luther alivyofundisha. Alivumilia kwa ajili ya amani kuliko watu wengi wa wakati wake, na alisaidia kutenda jambo lililoiharibu amani hiyo. Alilipotea kanisa, akarudi. Alivaa silaha alipolazimika, akaziweka chini mara tu meza ya mazungumzo ilipowekwa tena. Katika Mathayo 5:9 Bwana Yesu amewaita wapatanishi heri, wala hakusema kwamba upatanishi ni kazi ya watu wasio na doa.

Usharika unaoingia katika miaka mia ya pili unakaa nao katika mipaka yake: kati ya wenyeji na wahamiaji, wakulima na wafugaji, wazee na vijana, mwenye hati na asiye nayo. Katika kila mpaka wa namna hiyo Mungu huhitaji mtu anayezijua lugha zote mbili, anayesema kwa kila upande neno lile lile, na ambaye, akigundua kwamba ulimi wake umetumika kumdhulumu jirani, yuko tayari kuketi tena mezani na kutia saini ya kurudisha.